Katibu wa Msiba

Upendo alinipigia simu asubuhi nikiwa bado na mswaki mdomoni. Akaniambia mama yake amefariki hospitalini alfajiri ile, na kabla sijapata neno la pole akaongeza kwamba wazee wa kanisa wameshakaa na wamekubaliana niwe katibu wa msiba. "Mama alikuwa anasema wewe ndiye uliyekuwa katibu wa baba, anko." Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto waliozaliwa hapa, isipokuwa lile neno katibu, ambalo alilitamka kwa Kiswahili, polepole, kama mtu aliyebeba chombo kisicho chake. Nikasema sawa. Nikatema povu, nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea mpaka miguu ikafa ganzi. Nina miaka sabini na moja. Katika mji huu wa London nimeogopa mambo mawili kuliko yote: kwamba Mama Upendo angejua nililomfanyia, na kwamba angekufa kabla sijamwambia. Sasa la pili lilikuwa limetokea, na la kwanza lisingetokea tena, na nilishangaa kuona sipati nafuu yoyote.

Kazi ya kwanza ya katibu ilikuwa kumpigia simu Mzee Naftali, kaka wa marehemu mume wake, kule Same milimani, kuomba nafasi ya kaburi. Mama Upendo alikuwa ameacha neno moja tu, kwamba azikwe kando ya mume wake, nyuma ya nyumba ya ukoo. Nilipiga siku ileile. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akakohoa, akasema, "Mwanamke yule alimwuza ndugu yangu kabla udongo haujakauka. Mzikeni hukohuko alikokuwa na haraka nako." Akakata simu. Nikawaambia wazee wa kanisa kwamba mzee hataki, na wote wakatikisa vichwa, wakasema watu wa kwetu wana kinyongo kirefu. Mimi ndiye peke yangu katika chumba kile niliyejua kinyongo hicho kilitoka wapi, nami nilikuwa nimeshika daftari la msiba magotini.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilipanga chumba Woolwich, juu ya duka la fundi viatu, na shati zangu zote zilinuka gundi. Asubuhi nilikuwa naogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mchana nilikuwa ofisini kwa Bwana Harish, dalali wa nyumba, nikifagia, nikichemsha chai na kubandika picha za nyumba dirishani. Bwana Harish alizaliwa Kisumu, akahamia Stanmore, na kila siku alivuka mji mzima kwa treni akiwa na chakula chake ndani ya vibati vitatu vya chuma vilivyopandana. Sheria ya nchi hii haikumzuia mtu yeyote kuuza nyumba. Ungeweza kuamka leo ukajiita dalali na kesho ukafungua mlango. Lakini Bwana Harish alikuwa na sheria yake, na kwake hakuna aliyekaa meza ya mbele wala kushika funguo za mteja bila cheti. "Sikiza, Zakaria," aliniambia siku ya kwanza, akimenya chungwa. "Ukiingia kwa nyumba ya mtu, umeingia kwa kabati yake ya nguo za ndani. Siwezi kutuma mtu huko kwa sababu ana tai nzuri." Nikajiandikisha masomo ya jioni, mara moja kwa wiki, kwenye chuo kimoja chenye ngazi za saruji. Nilisoma sheria za mikataba, namna ya kukadiria thamani, namna ya kupima chumba. Nilikipenda kile cheti kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Nilitaka kuvaa tai na kuacha kuogesha miili ya watu. Sioni aibu kwa kutaka hivyo. Aibu yangu ni ya yale niliyoyafanya baadaye.

Wenzangu walinicheka, na aliyenicheka kwa raha kuliko wote alikuwa Elifasi, mume wa Mama Upendo. Alikuwa dereva wa basi, na ndiye pekee kati yetu aliyekuwa amenunua nyumba, kule Plumstead, vyumba viwili juu, sebule na jiko chini, na kijibustani cha kutosha viti sita. Kila Jumapili baada ya ibada tulijazana mle kula makande. Mahindi makavu hayakupatikana Woolwich siku zile, kwa hiyo Mama Upendo alipika kwa mahindi ya kopo, nayo yalikuwa matamu kama peremende. Elifasi alikuwa akionja, anafumba macho, anasema, "Mke wangu ametupikia keki yenye maharage," na mkewe anampiga kwa kitambaa cha vyombo. "Na wewe Zaka," ananigeukia, "umevuka bahari zote hizo uje kuwa dalali? Dalali! Ukiandika barua nyumbani, waambie uko benki." Nilicheka nao. Lakini Elifasi huyohuyo ndiye aliyenisaidia nilipokwama. Chuo kilitutaka kila mmoja apeleke faili la nyumba moja ya kweli iliyowekwa sokoni, yenye vipimo vya kila chumba, maelezo, na ruhusa yenye sahihi ya mwenye nyumba. Nilikuwa nimewaomba watu wanne wasionijua, na wote wakanifungia mlango. "Njoo kwangu Jumamosi," Elifasi akasema. "Siuzi, lakini nitakuandikia kwamba nauza, halafu mwezi ujao nitaandika nimebadili nia. Pima mpaka uchoke."

Alhamisi ya wiki ile moyo wake ulisimama akiwa kazini, basi likiwa limeegeshwa kituo cha mwisho. Jumamosi niliyokuwa nimepewa ikawa siku ya tatu ya msiba.

Wale mnaojua misiba yetu ya ughaibuni mnajua nyumba inavyokuwa. Viti vimetolewa, godoro limewekwa chini sebuleni, mfiwa amekaa juu yake na kina mama wamemzunguka. Wanaume wako bustanini na makoti, wanazungumza mpira kwa sauti ya chini ili uonekane si mpira. Jikoni kuna sufuria kubwa la kanisa ambalo haliingii kwenye sinki. Mlango wa mbele haufungwi, na hakuna anayemwuliza mtu anakwenda wapi. Hilo ndilo nililolitumia. Tepu ya kupimia ilikuwa mfukoni mwa koti langu, na sitadanganya kwamba ilikuwemo kwa bahati mbaya. Nilipima jiko wakati kina mama wanaimba. Nilipima sebule kwa macho, nikihesabu vigae vya mahali pa moto. Kisha nikasema naenda msalani, nikapanda juu, nikaingia chumbani kwao.

Chumba kilikuwa kama Elifasi alivyokiacha. Kofia yake ya kazi ilining'inia kwenye kitasa cha kabati. Kwenye kimeza upande wake kulikuwa na glasi ya maji, iliyojaa nusu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuimwaga. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikapitisha tepu chini yake hadi ukuta wa pili, nikasoma: futi kumi na moja na inchi nne. Nilikuwa bado nimeishika, imenyooka chini ya kitanda cha watu, nikijirudiarudia namba ile nisije nikaisahau, niliposikia mlango unafunguka nyuma yangu. Alikuwa Mama Upendo, amekuja kubadili khanga. Aliona mgongo wangu, magoti yangu, na kichwa changu nilichokuwa nimekiinamisha juu ya godoro. Hakuiona tepu. Nikasikia pumzi yake inakatika kwa kilio.

"Endelea, mdogo wangu," akasema. "Usikatishe kwa ajili yangu."

Akapiga magoti kando yangu. Bega lake liligusa langu. Kama ningeiachia tepu ingerudi kwa kishindo, kwa hiyo niliikandamiza na kidole gumba, nikafumba macho, nikasali Baba Yetu kwa sauti, toka mwanzo hadi mwisho, naye akinifuata neno kwa neno. Na hapohapo katikati ya sala, kwenye mkate wetu wa kila siku, nilikuwa nasema kichwani: kumi na moja na nne, kumi na moja na nne.

Aliposhuka aliwasimulia. Niliyasikia yote nikiwa kwenye ngazi. "Nimemkuta Zakaria chumbani anamwombea baba Upendo. Peke yake! Wala hakujua nimeingia." Mama mmoja akasema, "Vijana wa namna hiyo wamebaki?" Mwingine akajibu, "Wamebaki, ila hawaoi." Wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani kinachojiziba mdomo. Kabla chai haijaisha nikawa nimechaguliwa katibu wa kamati ya msiba, kijana anayesali na anayejua makaratasi. Nilipaswa kukataa. Nilisimama nikawashukuru.

Katibu ndiye anayemletea mfiwa karatasi za kusaini. Zilikuwa nyingi: za hospitali, za ubalozi, za kusafirisha mwili. Nilimpelekea akiwa bado kwenye godoro, nikampa kalamu, nikamwonyesha mahali kwa kidole. Hakusoma hata moja. "Wewe umeshasoma, inatosha," alisema. Ya mwisho ilikuwa fomu ya ofisi ya Bwana Harish, inayosema mwenye nyumba anaruhusu nyumba ipimwe na iuzwe. Nilijiambia kwamba Elifasi alikuwa ameshakubali, kwamba namalizia tu ruhusa ya marehemu. Nilijiambia kwamba fomu itabaki kwenye faili langu la shule na haitamdhuru mtu. Lakini nilijua kuwa kila Jumatatu fomu zote zilizosainiwa zilichukuliwa na yule mtu wa vibao, ambaye alizunguka na gari lake kusimamisha vibao vya kuuza mbele ya nyumba. Bwana Harish aliitazama ile fomu muda mrefu. "Huyu mama amefiwa juzi tu. Ulimsomea?" Nikasema nilimsomea. "Kila mstari?" Nikasema kila mstari. Akaiweka kwenye trei. Nilipanga kuitoa Jumatatu asubuhi kabla mtu wa vibao hajafika. Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye chumba cha mtihani.

Mama Upendo alikuwa ameshasafiri na mwili wa mume wake na mtoto mgongoni. Jumanne nilipita Plumstead nikakiona kibao, chekundu, kimechomekwa kwenye kijibustani cha mbele, kando ya mawaridi aliyopanda Elifasi. Ningeweza kukiondoa. Neno moja kwa Bwana Harish lingetosha. Lakini mwalimu alikuwa ametuambia atapita kuziangalia nyumba zetu kabla ya kusahihisha mafaili, na nyumba isiyo sokoni haikuhesabika. Nikapiga hesabu yangu. Mama Upendo angekaa Same hadi arobaini iishe. Kibao kikisimama wiki tatu, nani angejua? Nikapanda basi nikarudi kazini.

Kuna ndugu mmoja wa ukoo aliyekuwa akiishi upande huohuo wa mji. Alipita, akakiona, na habari ikafika Same upesi kuliko barua yoyote niliyowahi kutuma. Baadaye Mama Upendo alinisimulia mwenyewe, jikoni kwake, koti lake la safari bado liko mwilini. Wazee walimwita uani, Naftali akiwa katikati, wakamwuliza kama ni kweli ameiweka nyumba sokoni. Akasema si kweli. Wakamwambia apige magoti kaburini aape. Akapiga magoti akaapa kwamba hakuna kibao chochote mbele ya nyumba ya mume wake. Hawakumwamini. Siku chache baadaye wakamtoa pale nyumbani, kabla ya arobaini, na ndiyo maana alirudi mapema, nikiwa bado sijakiondoa kibao. Teksi ilimshusha mbele yake. Alinipigia simu ofisini, akasema maneno machache tu: "Zakaria, kumbe wanasema kweli. Kipo."

Nilikimbia mpaka Plumstead. Nilikuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, sanduku kando yake, Upendo amelala mapajani. Hakuniuliza kitu. Mimi ndiye niliyeanza, na maneno yalinitoka laini kabisa, kana kwamba nilikuwa nimeyafanyia mazoezi: "Ni makosa ya ofisi, Mama Upendo. Wamekosea namba ya nyumba." Aliniangalia kwa shukrani. Mpaka leo nikifumba macho naona shukrani ile. Nikakishika kibao kwa mikono miwili nikaking'oa, na waridi moja likang'oka nacho.

"Basi mwandikie shemeji," akaniambia jikoni. "Mimi nikiandika atasema najitetea. Andika wewe, kwa karatasi ya ofisi, yenye muhuri. Mweleze ni makosa. Wewe anakujua, nilimwambia ulivyomwombea ndugu yake." Nikasema nitaandika. Akanipakulia ubwabwa uliobaki kwenye friji ya jirani, akanitazama nikila.

Sikuandika. Barua yenye muhuri ilikuwa lazima ipitie kwa Bwana Harish, naye angeuliza makosa gani, na ya nani. Majibu ya mtihani yalikuwa hayajatoka. Nilimwambia Mama Upendo nimeituma. Bwana Harish nilimwambia mama amebadili nia kwa sababu ya majonzi, naye akasema, "Ni haki yake," akaichana fomu kwa heshima, vipande vinne. Wiki sita baadaye cheti kikaja. Bwana Harish alikiwekea fremu kwa pesa yake, akakitundika ukutani juu ya meza ya mbele, akanipa mashada ya funguo na nusu ya chakula cha vibati vyake. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye faili langu kwamba vipimo vilikuwa sahihi kupita kawaida.

Krismasi ile Mama Upendo aliniuliza, "Shemeji hajajibu?" Nikasema posta ya kwetu unaijua. Krismasi iliyofuata akauliza tena. Ya tatu hakuuliza. Alikubali kwamba shemeji yake ameisoma barua yangu na hakuiamini. Hakurudi tena Same, wala hakuliona tena kaburi la mume wake. Nami niliendelea kula makande yake kila Jumapili, miaka ikapita, mahindi makavu yakaanza kupatikana sokoni Woolwich, yeye akaendelea kutumia ya kopo kwa sababu Elifasi ndivyo alivyoyazoea. Hakuiuza ile nyumba. Mara nyingi nilifungua mdomo nikiwa naye jikoni tumekaa wawili. Kilichotoka ni ombi la chumvi.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, mchana, kamati ilipokaa sebuleni kwake kuamua azikwe wapi, nilikuwa mahali palepale palipokuwa na godoro. Wazee walikuwa wanaelekea kukubaliana na makaburi ya hapa hapa. Upendo, ambaye sasa ana nywele nyeupe mbele, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kitambaa cha vyombo mkononi. Alisema, safari hii kwa Kiswahili, Kiswahili kilichovunjikavunjika cha mtu asiyekizoea, "Mama aliomba kitu kimoja tu." Nikaomba simu iwekwe mezani, kwa spika, wote wasikie. Nikapiga Same.

"Katibu," Mzee Naftali akasema. "Nilikwisha kukujibu."

"Mzee, nina neno la kibao." Nikalisema. Nilisema fomu, sahihi, mtu wa vibao, barua ambayo haikuandikwa. Nilisema kwamba shemeji yake aliapa kwa moyo safi kaburini, kwa sababu hakujua. Mzee hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Si wewe uliyekuwa unamwombea ndugu yangu chumbani? Mwanamke yule alituambia."

"Sikuwa naomba, mzee. Nilikuwa napima."

Nilisikia kuku kule kwake, na mtu akiburuta ndoo. Nikasikia pia pumzi zake, za mzee, ndefu. "Tulimtoa uani hapa na mtoto mgongoni," alisema, na hakuwa akisema nami. Kisha: "Mleteni. Nitachimbisha leo." Akakata.

Hakuna aliyenitukana. Mchungaji alitazama viatu vyake. Mama mmoja alianza kulia, wengine wakaanza kuzungumzia ndege na tiketi, haraka haraka, kama watu waliofungua dirisha. Nililiweka daftari la msiba mezani, na kijana wa kanisa akalivutia upande wake bila kuniangalia. Upendo alipita mbele yangu akaenda kwenye misumari ya makoti. Akarudi na koti langu, akalifungua kwa mikono miwili, akalishika nyuma yangu ili nilivae, kama anavyofanyiwa mgeni ambaye hajawahi kuingia nyumba hiyo. Nilipotia mkono wa pili akasema, kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini isiyo na hasira, "Chumba kile cha juu kilikuwa na upana gani?"

"Futi kumi na moja na inchi nne," nikasema. Nilikuwa nimeshajibu kabla sijaisikia sauti yangu mwenyewe.

Akatikisa kichwa, akanifungulia mlango.